VJ Aliponyamaza

Mara ya kwanza nilipomwona Lupita Nyong'o akiigiza, sikuisikia sauti yake. Nilisikia sauti ya mwanamume mmoja wa Kampala aliyekuwa anasema kwa niaba yake, kwa niaba ya bwana aliyemmiliki, na ikibidi hata kwa niaba ya farasi.

Waganda nisameheni, hapa lazima niwaeleze jamaa zetu wa Mombasa na Dodoma. Kwetu filamu ya kigeni haifiki mtaani hivihivi. Inapita kwanza kwa VJ, mtu mwenye maikrofoni anayeitafsiri kwa Kiganda kuanzia mwanzo hadi mwisho, akieleza, akitania, akiwabandika waigizaji majina ya mitaa yetu, akikuonya kwamba huyu unayemwona anacheka atakufa sasa hivi. Wakenya wana DJ Afro, Watanzania walikuwa na Lufufu, kwa hiyo mnajua ninachosema. Ila hapa kazi hiyo ina mabingwa wake, kina VJ Jingo na VJ Junior, na wapo watu wasiokubali kuangalia filamu ambayo haijasemwa. Unaingia kibandani, ukumbi wa mbao na mabati wenye mabenchi, au unanunua diski ukaangalie nyumbani.

Yetu ilikuwa ya diski. Ulikuwa mwaka 2014, Lupita ameshapokea Oscar yake tarehe 2 Machi, na kila mtu alitaka kumwona huyo msichana wa Kenya. Tulijazana kwa mke wa sajini, mlango wa tatu kutoka kwetu, katika kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala, nilikokulia. Filamu yenyewe, 12 Years a Slave ya Steve McQueen, haina pa kutania, lakini VJ alijitahidi. Alitangaza namba yake ya simu mara mbili. Bwana Epps, yule mwenye shamba la pamba, alimwita "afande", tukacheka sana, maana maafande tuliwajua.

Kisha Patsey akarudi.

Patsey ndiye Lupita. Anachuma ratili 500 za pamba kwa siku, anawashinda wanaume wote wa shamba lile, na siku hiyo ametoweka. Epps anamngoja uani, hasira zimemjaa. Anamuuliza alikuwa wapi. Alikwenda shamba la jirani kuomba sabuni, kwa sababu mke wa Epps anamnyima, na amechoka kunuka mpaka yeye mwenyewe anataka kutapika. Anafungua kiganja. Kipande kidogo tu, hata kile tunachokatiwa dukani kutoka kwenye mche ni kikubwa zaidi.

VJ alitafsiri sentensi ya kwanza. Ya pili akaifikisha nusu. Halafu akanyamaza.

Sijui kilimpata nini. Pengine alikwenda kunywa maji. Lakini kwa sekunde kadhaa diski ile ikabaki haina mwenyewe, na sauti iliyokuwa imefukiwa chini yake ikajitokeza: sauti ya msichana, imekwaruzika, inapanda ghafla na kukatika kama ya mtu anayepandisha kilima cha Mutundwe na ndoo kichwani. Maneno hatukuyaelewa. Mke wa sajini alikuwa anachambua mchele, mkono ukabaki umesimama juu ya ungo. Kisha VJ akarudi na maelezo yake, na mchele ukaendelea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuata Lupita kwa sikio. Wengine wanafuata magauni.

Habari zake za kawaida mnazijua, nitazipitia mbiombio. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o ambaye sasa ni gavana wa Kisumu, akifanya kazi huko. Akakulia Nairobi. Akiwa na miaka 14 alimcheza Juliet katika ukumbi wa Phoenix. Akiwa na 16 wazazi walimpeleka Mexico, mji wa Taxco, akajifunza Kihispania, akakiweka pamoja na Kijaluo, Kiingereza na Kiswahili alivyokuwa navyo. The Constant Gardener ilipopigwa Kenya alifanya kazi za kutumwatumwa nyuma ya kamera. Mwaka 2009 alionekana kwenye Shuga ya MTV, na mwaka huohuo akatoa filamu yake mwenyewe ya maisha halisi kuhusu watu wenye ualbino. Halafu Yale, shule ya maigizo, hadi 2012. Patsey ulikuwa uhusika wake wa kwanza katika filamu ndefu, naye alikuwa hajapoa kutoka darasani.

Jambo ninalotaka kukaa nalo ni lile alilolisimulia mwaka 2024 katika kipindi chake cha sauti, Mind Your Own. Alipokuwa Yale aliamua kuivua lafudhi ya Kenya na kuvaa ya Kimarekani, ili apate kazi. Alijizoeza mpaka ikawa ndiyo anayoamka nayo. Kisha ukafika wakati wa kuitangaza 12 Years a Slave, waandishi wamejipanga na vinasa sauti, akaamua kurudi kwenye lafudhi ya nyumbani. Akagundua kwamba kurudi si rahisi kama kutoka. Ile ya kwao ilikuwa imeanza kumkimbia.

Nilisikiliza kipindi hicho ndani ya takisi, nikapitiliza kituo changu. Nami nina kisa changu cha ulimi, kidogo tu, hakina Oscar.

Baba yangu alikuwa Mteso, mama Mwalur. Anayejua lugha ya mmoja haelewi ya mwenzake. Walikutana kambini na hawakuwa na lugha nyingine ya kupendana isipokuwa Kiswahili, kile cha kambi, ambacho watu wa pwani wakikisikia wanashika kichwa. "Mutoto," "mutu," "watu ya Kampala." Waligombana kwa lugha hiyo, wakapatana kwa hiyohiyo. Mama alinibembeleza nayo. Baba alipofariki, Mama alilia kwa Kialur siku mbili, ya tatu akageuza Kiswahili, na nadhani ilikuwa ili yeye amsikie.

Nilipokuwa sekondari shule yetu ilijiandaa kwa mashindano ya maigizo. Kulikuwa na uhusika wa mama aliyepotelewa na mtoto, nikautaka kwa roho yote. Mwalimu alinipa karatasi nisome kwa Kiingereza. Nikasoma. Akaniambia, na wala hakusema kwa ubaya, kwamba ulimi wangu ni wa kambini na huyo mama ni mtu wa heshima. Lakini kuna nafasi nyingine inanifaa kabisa. Nikapewa kuwa askari wa kizuizi cha barabarani. Mistari yangu ilikuwa minne: Simama! Toa kitambulisho! Lala chini! Kwenda! Bunduki yangu ilichongwa kwenye bua la mgomba. Nilipotokea, ukumbi mzima ulipiga kelele za furaha na woga kwa pamoja. Tulishika nafasi ya pili.

Mwalimu hakuyabuni hayo kichwani mwake. Kiswahili kilizoeleka hapa kikiwa na sare za jeshi la mkoloni, mwaka 1973 Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na wazee wetu wengi walikisikia kwa karibu kikitokea upande wa pili wa bunduki, usiku, barabarani. Leo Katiba yetu, kwa marekebisho ya 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Ndiyo maana nina kazi, nakifundisha. Lakini Katiba haiandiki tamthilia. Nenda ukaangalie michezo yetu: Kiswahili kikiingia jukwaani, bunduki iko nyuma yake. Hata Forest Whitaker alipokuja hapa kujiandaa kuwa Amin katika The Last King of Scotland, alijifunza Kiswahili, na akaondoka na Oscar yake. Sina ugomvi naye, aliicheza vizuri mno. Nasema tu kwamba dunia ilikisikia tena Kiswahili cha Uganda kikitoka kinywani mwa askari.

Basi mwaka 2015 tukasikia kwamba Lupita yuko Katwe.

Kutoka Nsambya hadi Katwe unakwenda kwa miguu, unapita Kibuye na kelele zake. Mira Nair, mwongozaji mwenye nyumba hapahapa Kampala na aliyeanzisha Maisha, maabara ya filamu iliyofundisha vijana wengi wa Afrika Mashariki tangu 2004, alikuwa anapiga Queen of Katwe: kisa cha Phiona Mutesi, binti aliyetoka kuuza mahindi akafika kwenye Olimpiadi ya sataranji. Phiona alichezwa na Madina Nalwanga, ambaye hakuwahi kuigiza filamu kabla ya hapo. David Oyelowo alikuwa kocha Robert Katende. Lupita alikuwa Nakku Harriet, mama wa Phiona, mjane. (Na yule kijana aliyejiita Young Cardamom, aliyeimba ule wimbo wa viungo kwenye filamu hiyo, ni mtoto wa Mira, Zohran Mamdani, ambaye sasa ni meya wa New York. Ndivyo mambo yalivyo. Wengine tulibaki palepale.)

Ilipofika Oktoba 2016 nilimpeleka mama sinema. Hakuwahi kuingia ukumbi wa namna ile, wenye viti vya kuzama na baridi ya kukodi. Taa zikazimwa, filamu ikaanza, wakaongea dakika tano, kumi. Akaniinamia na kuniuliza, kwa sauti ya sokoni:

"VJ iko wapi?"

"Hayupo, Mama. Leo wanasema wenyewe."

"Sasa tutajua namna gani?"

Tulijua. Niseme ukweli kuhusu matamshi kwanza, maana nyuma yetu vijana walikuwa wanahesabu makosa yake kama marefa. Filamu ni ya Kiingereza, na Lupita alitakiwa akiseme kama Mganda wa Katwe, kwa ule wimbo wetu wa kuvuta irabu na kuipandisha mwishoni. Mara nyingi anaupata. Mahali pengine, hasa Harriet akikasirika, Nairobi inachungulia. Mimi ninayeishi kwa kusahihisha matamshi ya watu niliiona, na sitajifanya sikuiona.

Mama alikuwa anaangalia vitu vingine. Alikuwa anaangalia shingo. "Huyu amebeba," akasema, na alimaanisha mizigo. Aliangalia namna Harriet anavyosimama na watoto ubavuni: uzito upande mmoja, nyonga imetoka, mkono ukitafuta kichwa cha mtoto bila macho kutazama huko. Kuna sehemu Harriet anauza kitambaa chake kizuri ili apate mafuta ya taa, binti asome usiku. Mwigizaji mwingine angetupigia kilio hapo. Lupita anafanya biashara. Anabishana bei kama mtu aliyekuja kuuza nyanya, na uchungu ukijitokeza ni kidogo tu, baada ya pesa kuhesabiwa. Mama yangu aliwahi kuuza kitenge chake cha harusi kwa ajili ya karo yangu. Hakusema kitu. Alichukua bisi kutoka kwenye karatasi yangu akaanza kutafuna polepole.

Nikakumbuka ile diski. Mara ya kwanza VJ alifunika sauti ya Lupita, mwili ukabaki unasema. Mara ya pili sauti ilikuwa wazi, na mama yangu, asiyejua Kiingereza, alisikiliza shingo na nyonga akaelewa filamu nzima. Mtu wa kucheza kwa uso tu asingeweza kuvuka hivyo. Nadhani hiyo ni kazi ya jukwaani. Jukwaani hakuna kamera ya kukusogelea. Aliyekaa nyuma kabisa anaona mabega yako, na lazima mabega yaeleze.

Na jukwaa hajaliacha. Hili watu wa mitandaoni hawalitaji sana. Baada ya Oscar, mtu angetarajia akimbilie filamu moja baada ya nyingine. Mwaka 2015 alikwenda ukumbi wa The Public, New York, kucheza Eclipsed ya Danai Gurira, na Machi 2016 mchezo ukahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo. Ulikuwa mchezo wa kwanza Broadway ambao waigizaji wote, mwandishi na mwongozaji, Liesl Tommy, walikuwa wanawake weusi. Lupita akateuliwa kugombea Tony, tuzo ya watu wa jukwaani. Alikuwa anaujua mchezo huo siku nyingi: mwaka 2009, akiwa mwanafunzi, uliwekwa jukwaani pale Yale na yeye akawa mwigizaji wa akiba, yule anayehifadhi mistari yote kichwani akisubiri mwenzake augue. Hebu fikiria kukaa na maneno ya mtu miaka sita ndipo uyaseme.

Sikuuona mchezo huo. Nilisoma maandishi yake, nikayaweka chini mara kadhaa. Ni Liberia, mwaka 2003. Wanawake wametekwa, wamekuwa wake wa kamanda, hawaitwi kwa majina, wanaitwa kwa namba. Lupita ni Msichana, wa miaka 15, aliyefika juzi. Anafichwa chini ya beseni. Mbele ya macho yetu anaanza kuwa mke, halafu anachukua bunduki ili asiwe mke. Mtu wa Uganda hawezi kusoma hayo akadhani yanaihusu Liberia peke yake. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa Joseph Kony waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa nchi yetu, wakaondoka na wanafunzi 139. Sista Rachele Fassera akawafuata kwa miguu porini, akarudi na 109. Thelathini wakabaki. Nilikuwa mtoto mdogo. Ninachokumbuka ni redio ya baba na namna wanaume wa kambi walivyokuwa wanaisikiliza wamesimama.

Kwa hiyo nikisoma kwamba mwigizaji wa Kenya alisimama Broadway kila jioni akiwa msichana wa namna hiyo, huku angeweza kuwa hotelini Los Angeles akisubiri gari, nampa heshima ya pekee. Na humo alisema Kiingereza cha Liberia, kigumu, kile cha kumeza herufi za mwisho. Ulimi mwingine tena.

Nchi yetu ilikuwa na mtu wa kumfananisha naye, na inaniuma kwamba wanafunzi wangu hawamjui. Rose Mbowa. Aliigiza, aliandika, aliongoza, akafundisha Makerere hadi kuwa mkuu wa idara ya muziki, ngoma na maigizo, akafariki mwaka 1999. Alipokuwa mwanafunzi, miaka ya 60, Makerere ilikuwa na kundi la kusafiri lililopeleka michezo vijijini na mijini bila kiingilio, kwa Kiingereza, Kiganda, Kinyoro na, naam, Kiswahili. Mwaka 1987, nchi ikitoka vitani, alitoa Mother Uganda and Her Children, mama na watoto wake wa makabila yote, kila mmoja na ngoma yake. Tamthilia ya Mjerumani Brecht kuhusu mama anayechuuza vitani akaigeuza Kiganda. Na alifanya kazi hiyo katika nchi ambayo mwaka 1977 ilimuua Byron Kawadwa, mkuu wa Jumba la Taifa la Michezo, aliporudi kutoka tamasha la Lagos. Jukwaa hapa halikuwa mchezo wa watoto. Huwa najiuliza Mbowa angekuwa nani kama angezaliwa miaka 40 baadaye na pasipoti mbili.

Turudi kwa Lupita na zile sauti zake. Black Panther ya 2018, Nakia, Kixhosa kidogo ndani ya Kiingereza. Watu wote wa kibandani walisimama, nami nikiwamo, sina zaidi la kusema. Star Wars alikuwa kizee mwenye miwani, Maz Kanata, hata uso hatukuuona. Katika The Jungle Book alikuwa mbwamwitu, Raksha. Katika The Wild Robot ya 2024 ni roboti anayelea bata bukini, na hapo sikiliza kwa makini: anaanza na sauti safi kama ya mashine ya benki inayokuambia uchague lugha, na kadiri mtoto anavyokua, pumzi inaingia. Mwishoni ile sauti ina kifua.

Lakini ya kunitisha ni ya Us, 2019. Humo ni watu wawili, Adelaide na kivuli chake, Red. Red hajasema na mtu kwa miaka mingi, na anapofungua mdomo sauti inatoka kama hewa inayovutwa kinyume, inakwama, inakatika. Nilizima nikawasha taa. Baadaye Lupita alieleza kwamba aliichota kwenye ugonjwa halisi unaokaza misuli ya sauti, na watu wenye ulemavu wakalalamika kwamba maradhi yao yamegeuzwa kuwa kitisho. Aliomba radhi. Naona walikuwa na haki, na naona pia kwamba ile ndiyo kazi yake ngumu kuliko zote; mambo hayo mawili yamekaa kichwani mwangu bila kupatana, nimeyaacha hivyo.

Halafu A Quiet Place: Day One, 2024, ambamo ukitoa sauti unakufa. Mwanamke mgonjwa wa saratani, mshairi, anazunguka New York na paka akitafuta kipande cha piza. Karibu filamu nzima hasemi. Baada ya sauti zote hizo alizozijaribu, amerudi pale nilipokutana naye, mahali pa kunyamazishwa, isipokuwa safari hii hakuna VJ wa kumfunika. Nadhani VJ wetu walikuwa na wiki mbaya na filamu hiyo. Utatafsiri nini?

Agosti 2025 ukumbi wa wazi wa Delacorte, katikati ya bustani ya New York, ulifunguliwa tena baada ya matengenezo, na ukafunguliwa na Twelfth Night ya Shakespeare. Tiketi ni bure pale, kama kundi lile la Makerere. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mtoto wa Nairobi, anayejuana na Lupita tangu ujana wao huko. Lupita ni Viola. Kaka yake Viola, Sebastian, alichezwa na mdogo wake wa tumbo moja, Junior Nyong'o. Merikebu imezama, kila mmoja anaamini mwenzake ameliwa na bahari, na Viola anajikuta ufukweni katika nchi ngeni, anavaa nguo za kiume ili aishi.

Na ndugu hao wawili walipewa Kiswahili. Ndani ya Shakespeare, mbele ya Wamarekani, bila VJ. Ni lugha waliyokuja nayo kutoka kwao, ile ambayo wenyeji wa nchi ngeni hawaijui.

Najua Shakespeare si mgeni katika Kiswahili. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapahapa Makerere, alitutafsiria Kaizari mwaka 1963 na mabepari wa Venisi mwaka 1969, na nimevifundisha vyote viwili hadi vimechanika majalada. Lakini humo wengi ni waungwana wa kiume wanaohutubiana. Hiki cha sasa ni cha dada aliyefiwa, au anayedhani amefiwa.

Kipande kifupi cha mchezo huo kilinifikia kwenye simu, kimerushwa na mtu kwa mtu. Nikaenda nacho kwa mama. Siku hizi anaishi Ggaba, kambini tulishatoka; magoti yamekataa ngazi lakini masikio yapo. Alikuwa kwenye kigoda, maharage jikoni. Nikamwekea simu sikioni, sikumwambia ni nani.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu nani?"

"Yule wa Katwe, Mama. Aliyeuza kitambaa."

"Ah. Na askari iko wapi?"

"Hakuna askari."

"Hakuna?" Akaitazama simu, kama vile angejificha nyuma yake. "Sasa anasema na nani?"

"Na ndugu yake. Walipotezana baharini."

Akafikiri. "Kiswahili yake ni ya Nairobi," akasema, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kuongeza maji kwenye maharage. Akiwa hukohuko jikoni, amenipa mgongo, akaniambia nirudishe mwanzo na niongeze sauti.